Sharti Nililolimeza

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa na shahada ya chuo kikuu ambayo haijatimiza mwaka na ulimi niliouamini kuliko akili yangu. Nilisimama katika uwanja wa zamani wa ndege pale Kololo, Kampala, nimevaa suti ya kuazima, kati ya mgeni mwuza ndege na kanali mmoja ambaye sote tulimwita Mkubwa. Kazi yangu ilikuwa kuyapokea maneno ya mgeni kwa Kiingereza na kuyafikisha kwa Kiswahili. Mkubwa alijua Kiingereza cha kusalimia, lakini mambo ya silaha alitaka kuyasikia kwa lugha ya jeshi.

Mimi sijawa mzee wa mkongojo. Nimefika tu umri ambao vijana hunipisha kiti, kisha huniuliza habari za miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Wengi hutazamia hadithi ya damu. Damu ilikuwapo, wala siifichi. Ila makosa ya watawala umekwisha kuyasikia kwa wengine. Leo nataka usikie langu.

Nilizaliwa katika kambi ya polisi. Baba alitoka kaskazini, na sisi watoto wa kambini tulikua na Kiswahili kinywani kama wenzetu wa mjini walivyokua na Kiganda. Wasomi wenzangu walikidharau, wakakiita lugha ya bunduki. Mimi nilikipenda, nikakifuata hadi vitabuni, na ndicho kilichonilisha.

Nilipoanza kuwakalimania maofisa, niligundua upesi neno ambalo Mkubwa hakulipenda, nalo ni "lakini". Mgeni akianza kusema, "Mtambo huu ni mzuri, lakini...", uso wa Mkubwa ulijifunga. Kwa hiyo nikajizoeza kuimeza "lakini" kabla haijamfikia. Nilipunguza hapa, nikalainisha pale, na watu wakasema kijana huyu ana ulimi wa asali. Ningeweza kukuambia kwamba niliogopa tu. Niliogopa, ndiyo, maana watu walikuwa wakipotea. Hata hivyo nilipenda pia kusifiwa, na mpaka leo sijui kati ya hayo mawili lipi lilikuwa zito zaidi.

Ndege iliyoletwa siku hiyo haikuwa jeti. Ilikuwa ndege nyepesi ya mapangaboi, yenye injini moja katika kila bawa, na kioo kikubwa mbele kama jicho la kereng'ende. Ilikuwa imeundwa iruke chini na polepole, ili rubani apate kuona ndani ya msitu, awapige waasi na kuwasaidia askari wa miguu waliokabiliana nao. Mgeni aliisifu kwa muda mrefu. Kisha akasema, na nayakumbuka maneno yake vizuri, kwamba inabeba mabomu sita. Lakini, akaongeza, Kampala iko juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na jua lilikuwa kali, hivyo katika uwanja mfupi kama ule isifungwe zaidi ya mabomu mawili. Ikizidi hapo, uwanja utakwisha kabla haijapaa.

Nikamgeukia Mkubwa. "Afande, anasema inabeba mabomu sita, na uwanja mfupi hauisumbui."

Mkubwa akatabasamu. "Basi wafunge sita. Ocaya ataruka nayo."

Mabomu yalikuwa ya mazoezi, yamejazwa saruji, lakini uzito wake ulikuwa wa kweli. Mgeni, ambaye hakujua neno la Kiswahili, akapelekwa hemani kunywa chai. Luteni Ocaya, rubani wetu kijana, alikuwa ameirusha ndege ile kwa siku chache tu kule Entebe, penye uwanja mrefu, tena bila mzigo. Amri ilikuwa imekwisha kutoka, nani angeuliza? Na chini ya mteremko, ng'ambo ya ncha ya uwanja, zilianza nyumba za mtaa wa Kamwokya.

Utaniuliza, mwanangu, kama sikujua. Maneno niliyajua, uzito wake sikuupima. Nilikuwa nimezoea kwamba ninachokimeza hakimdhuru mtu.

Mafundi walipokuwa wakifunga bomu la sita, Sajini Meja Drani aliniita kwa kidole. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa ndege, mtu wa mvi aliyeingia jeshini tangu enzi za mkoloni na kujifunzia Kiswahili chake humo humo. Alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, na hakuacha kuifuta alipokuwa akisema nami.

"Kijana ya chuo. Muzungu nasema kitu kirefu, wewe nasema kitu kifupi. Ingine iko wapi?"

"Nilifupisha tu, mzee."

"Fupisha barua ya muchumba yako. Hii iko ndege." Akaielekeza pua yake upande wa bawa. "Mimi nasikia Kizungu kidogo. Masikio yangu nasikia mbili. Macho yangu naona sita. Ocaya iko na mutoto ya wiki tatu."

Nilimwuliza, na bado naona haya kuliandika swali hili, kwa nini asiseme yeye mwenyewe.

"Mimi nikisema, ni sajini nabishana na amri. Wewe ukisema, ni mukalimani narudisha kitu ya watu. Ile maneno si yako, kijana. Si ya Mkubwa. Ni ya Ocaya. Enda mupelekee."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole nilikwisha kujikwaa mara nyingi nikapona. Nilimtazama Ocaya, ambaye tayari alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi ya ndege, nikaenda kwa Mkubwa.

"Afande, nilipunguza maneno ya mgeni. Naomba kuyarudisha." Nikayatoa yote, pamoja na hewa nyepesi, jua, na yale mabomu mawili.

Maofisa waliokuwa karibu wakaanza kutazama viatu vyao. Mkubwa aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani nakutuma kupunguza?"

"Hakuna, afande. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Niliona maneno ya namna hiyo huyapendi."

Jasho lilishuka ndani ya suti ya watu. Mkubwa aliitazama ndege, akalitazama hema la mgeni, akasema, "Ikianguka mbele ya muzungu, nani nachekwa? Ni mimi. Sajini, toa ine." Kisha akanigeukia. "Na wewe, toka leo leta yote, hata ile chungu. Chungu mimi najua kumeza mwenyewe."

Usinielewe vibaya. Sikuambii kwamba Mkubwa alikuwa mwema. Aliogopa kuaibika, basi. Wako waliomwambia kweli siku nyingine wakapata majibu mengine. Nakuambia tu kwamba siku ile nilikuwa mwoga, na kweli ikapita kinywani mwangu hata hivyo.

Ndege ilikimbia ikiwa na mabomu mawili. Uwanja ulikuwa umebaki kipande kidogo sana magurudumu yalipoachana na ardhi. Sajini Drani aliacha kufuta mikono. Ocaya alipotua, alivua kofia yake na kusema, "Mzee, ile majani ya mwisho nimeona moja moja."

"Na ulikuwa nataka kuona na bomu sita?"

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka nyuma yao.

Ndege ile haikununuliwa, na sikuwahi kuambiwa sababu. Nafurahi. Kwa maana liko swali ambalo hakuna aliyeliuliza siku ile, hata Sajini, hata mimi: rubani aliye juu angemtenganishaje mwasi na mkulima anayepalilia mihogo yake? Kwa swali hilo bado nina deni la dhamiri, na sitakudanganya kwamba nimelilipa.

Mimi nilihamia mahakamani, nikawa mkalimani huko miaka mingi. Nimewakalimania wezi, wajane na mahakimu wenye usingizi, na sikupunguza tena neno la mtu. Sikupata utajiri. Napata usingizi mzuri na heshima ya watu nisiowajua, na naridhika.

Basi pokea nasaha yangu, mwanangu. Ukitumwa neno, lifikishe zima, pamoja na sharti lake. Kwa kawaida uhai wa mtu umekaa kwenye lile sharti. Usimpunguzie mkubwa kwa sababu amekunja uso, wala usijisifu kwa ulimi mtamu kabla hujajua nani atakayeulipia utamu huo. Na ukiwa umekwisha kukosea, rudi ukaseme kabla rubani hajafunga kioo. Kweli iliyo chungu hupita kooni mara moja tu.

Mungu akupe ulimi unaobeba bila kumwaga. Akujalie mzee wa kukuuliza yaliyobaki yako wapi, akupe na miguu ya kurudi kuyasema. Nenda kwa amani.