Kilichokuwamo Kwenye Kimea cha Mama

Sisi tuliokulia Nkunga enzi zile tuliijua mvua, siyo hii ya sasa inayonyesha kama imelazimishwa. Jua la kuanikia lilikuwa la kubahatisha, kwa hiyo mama aliukausha ulezi uliochipua kwenye uchaga juu ya moto, kisha akausaga ukawa kimea cha togwa. Tulikuwa tunauramba unga ule kwa siri, na pua zetu zilitusaliti kila mara kwa kupakaa unga.

Kisha mdogo wangu Tupokigwe akaugua surua, mdomo wote vidonda. Uji mzito haukupita kooni, na mwepesi wa maji matupu haukumpa nguvu. Alikonda hadi nikaogopa kumtazama. Jioni moja mama akapika uji mzito, akauepua, akakaa kuusubiri. Mtoto analia, sisi roho juu, tukamsihi atie kimea upesi.

"Ngojeni. Ukiwa wa moto mtakiua."

"Tutakiua nini, mama?"

"Hicho kilichomo."

Uji ulipovumilika kwa kidole, akatia kimea kidogo, akakoroga. Ukalegea palepale, ukawa wa kunyweka, bila tone la maji. Tupokigwe akamaliza kikombe, akalala. Nililia, sioni aibu kusema.

Nikiwa sekondari, mwalimu wa baiolojia akatufundisha vimeng'enya: humeng'enya chakula, huvunja wanga kuwa sukari, na moto mkali huviharibu. Akasema jina lake la kigeni, enzaimu, limetoka Kigiriki, maana yake kilichomo ndani ya chachu. Likizo ilipofika nikamsimulia mama. Akafikiri, akauliza, "Na hao Wagiriki, nao walikuwa na mtoto mgonjwa?"

Siku hizi vijana wetu wananunua uji wa pakiti, na mtoto akigoma kula wanaiuliza simu. Siwacheki sana, maana uchaga wenyewe hatukuwaachia. Mama naye alishatutoka.

Juzi Tupokigwe, ambaye sasa ni bibi pale Ibighi, alinipigia. Mjukuu ana vidonda mdomoni, hataki kula, na kimea amekipata sokoni.

"Kaka, mama alikuwa anakitia saa ngapi?"

Nikamwambia asubiri uji upoe, uvumilike kwa kidole. Kabla hajakata simu nikamsikia akimzuia binti yake jikoni.

"Ngoja, mwanangu. Utakiua."

Ilikuwa sauti ya mama kabisa. Nilibaki na simu sikioni hata alipokwisha kukata.