Kata ya Mkunga

"Hivi shemeji yako anakwenda kufungua nini kila asubuhi, na nyumba yenyewe imefungwa?"

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yangu muuza mboga, amesimama kwenye kibaraza ninaposhonea, gauni lake la kupunguzwa kiuno mkononi. Aliniuliza mimi, lakini macho yake yalikuwa barabarani. Shemeji mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anapita, shati limenyooka, funguo zinalia mfukoni.

Nikamwambia, "Anafungua madirisha."

"Ya nini?"

"Vitu vipate hewa."

Jirani alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Mungu anisamehe, na mimi nilicheka. Lakini nilikuwa nimemjibu kweli.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni mtunzaji wa makumbusho ya mji wetu. Sasa ni mwaka wa ishirini na sita. Neno makumbusho ni kubwa kuliko nyumba. Ni vyumba vitatu na ukumbi mwembamba, zamani ilikuwa zahanati, na hadi leo ukuta wa chumba cha pili una ule mstari wa kijani usawa wa kifua. Humo ndani hamna dhahabu. Kuna pasi za mkaa, taa za chemli, mizani iliyopinda, redio ya betri, kengele ya shule yenye ufa. Ni vitu vilivyotoka majumbani mwetu, watu walivileta wenyewe wakiwa wamevifunga kwenye magazeti.

Watoto wote wa hapa wamepita mbele yake kwa mstari na mwalimu wao, na wote wamemsikia akisema neno moja: "Usiguse." Hakuwa akilisema kwa ukali. Alilisema taratibu, kama mtu anayesema pole. Jina likamganda. Hata watu wazima wenye wajukuu wanamwita Bwana Usiguse, naye anaitika.

Dada yangu ana maneno yake. "Mimi sikuolewa na mtu," husema, "niliolewa na mlango. Ukifunguliwa saa mbili naachika, ukifungwa saa kumi na moja narudiwa."

Jambo moja lazima nilieleze, maana bila hilo hamtamwelewa. Kila aliyeleta kitu, shemeji alimpa mkono, akamwambia, "Kitakaa hapa. Siku yoyote ukija, utakikuta." Hakuandikiana na mtu hati. Ahadi yake ilikuwa hiyo tu, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kuivunja.

Kisha mwaka juzi mvua iliingia kupitia paa la chumba cha tatu. Vitu aliviwahi, akavihamishia ukumbini mikononi mwake, kimoja kimoja. Kitu alichokisahau kilikuwa mezani kwake: daftari la mapokezi, ambamo aliandika kwa mkono wake nani kaleta nini. Wino ulikimbia wote, kurasa zikawa za samawati kama anga. Fundi wa serikali akaja, akatazama boriti, akabandika karatasi mlangoni: Jengo si salama, limefungwa kwa wageni.

Miezi minane baadaye akaja afisa kutoka makao makuu, mwanamke wa makamo, mpole, kompyuta kwenye begi. Hakutaka kumuumiza. Alimweleza wazi kwamba paa litatengenezwa kama kuna cha kutunza chini yake. Orodha waliyokuwa nayo huko kwao ilikuwa na majina ya vitu na mahali vilikotoka, basi. Wenye vitu walikuwa kwenye daftari. Kitu kisichojulikana mwenyewe wala habari yake, mwisho wa mwezi ujao kingewekwa kwenye sanduku na kupelekwa ghala kuu.

"Vingapi?" shemeji akauliza.

"Thelathini na vinne."

Vyote vilikuwa arobaini na moja.

Alikuja kwangu jioni ile kabla jua halijazama, akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano na miwani haisaidii. Akaichukua sindano, akaupitisha uzi mara moja tu, akanirudishia.

"Shemeji," akasema, "niliwaambia watavikuta."

"Habari za vitu hivyo huzikumbuki?"

"Nakumbuka vya watu saba tu, na hivyo nimeshamwambia. Waliobaki nakumbuka mikono yao tu, walivyokuwa wanafungua magazeti."

Nilimwombea usiku ule kama ninavyowaombea wanangu.

Aliyepata njia ni binti yake, msusi, ambaye saluni yake haina mteja asiye na simu. "Baba," alimwambia, "nyumba imefungwa, midomo haijafungwa. Tufungue kundi la WhatsApp. Kila asubuhi unatuma picha ya kitu kimoja, unauliza nani anakijua." Akaanza na wateja wake waliokuwa wamekaa kusubiri. Ilipofika Ijumaa kundi lilikuwa na watu mia na kumi, na mimi na jirani muuza mboga tukiwemo.

Siku ya kwanza ikatoka picha ya taa ya chemli. Kimya. Siku ya pili mizani. Kimya. Siku ya tatu shemeji hakula mchana.

Jirani ndiye aliyekuja kwangu na simu ameishika kwa ncha za vidole. "Mama, hebu nieleze. Picha inakuja na ukungu, imeandikwa niiguse ifunguke. Chini yake shemeji yako kaandika nisiiguse. Sasa nimtii nani?"

Nikatazama. Kweli bwana! Chini ya kila picha shemeji alikuwa amenakili kibao kama kilivyo kwenye meza ya vioo: Taa ya chemli. Namba sita. USIGUSE. Na watu wa mji huu, waliolelewa na neno hilo, hawakugusa. Watu mia na kumi walikaa wanatazama ukungu kwa heshima.

Binti yake alicheka mpaka akamwacha mteja na nusu ya kichwa. "Baba, toa hilo neno!"

"Nimelizoea."

"Basi andika Gusa."

Hilo lilimshinda kabisa. Mwishowe akaandika, "Fungueni, tafadhali."

Ndipo kundi likalipuka. Fundi bati mmoja alituma sauti, nyuma yake nyundo inalia, akasema taa ile ilitengenezwa na baba yake, kitako chake kina vitundu vitatu vilivyopigwa kwa msumari, nendeni mkatazame. Shemeji akaenda, akatazama, akavikuta. Wakwe wawili wasioongea tangu harusi ya watoto wao waligombania pasi ya mkaa kwa siku mbili. Mmoja alisema ni ya mama yake kwa sababu mpini umeungua upande, mwenzake akajibu, "Mpini huo niliuunguza mimi nikiwa na miaka tisa, na kofi nililopigwa bado nalisikia." Kofi lilikubaliwa kuwa ushahidi. Mtu aliyehamia nchi za mbali alituma sauti kuhusu kengele ya shule. Alisema yeye na mwenzake ndio walioipasua kwa jiwe, akamwomba mwalimu msamaha. Mwalimu mstaafu alikuwemo kundini. Akamjibu, "Nilijua. Kaa chini."

Shemeji alinunua daftari jipya. Kila sauti aliisikiliza mara tatu kibarazani kwangu, kwa sababu nyumbani dada yangu alikuwa ameanza kuzijibu. Aliandika polepole, jina, kitu, habari. Wiki ya tano ilipoisha, kati ya vile thelathini na vinne kilibaki kimoja.

Namba kumi na tisa. Kwenye orodha ya makao makuu kiliandikwa: Duara la nguo. Mahali: Kata ya Mkunga.

Afisa alipiga simu. Nilikuwepo, shemeji aliweka sauti kubwa. "Mzee, tumepekua ramani zote," alisema. "Hakuna Kata ya Mkunga wilayani kwenu, wala wilaya ya jirani. Kama mahali penyewe hapapo, siwezi kuandika kwamba kimetoka huko. Hicho kitabidi kiende. Kimoja tu, Mzee, vingine vimepona."

"Kimoja tu," shemeji akarudia. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye alikata simu akakaa anatazama mikono yake. "Huyo mmoja naye nilimpa mkono," akasema.

Asubuhi yake akatuma picha: kiduara cha vitambaa vilivyosokotwa, kimekaa kwenye kitambaa cheupe, katikati tundu. Chini akaandika, "Nani anatoka Kata ya Mkunga, au anayo habari ya watu wa huko?"

Kundi lilianza utani. Mkunga ni yule samaki mrefu kama nyoka, basi kinyozi mmoja akaandika kwamba yeye anatoka kata ya jirani, Kata ya Dagaa, diwani wao ni mdogo lakini wako wengi. Mwingine akauliza kama Kata ya Mkunga inateleza, ndiyo maana ramani imeshindwa kuishika. Tulicheka. Na ndugu zangu, aibu yetu ndiyo hii: watu mia mbili na zaidi tulikuwa tunakitazama kile kitu, tunatafuta kata, na kata iko mbele ya macho yetu. Ila ilikuwa imeandikwa kwenye safu ya mahali, nasi tukaona mahali.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, ikaja sauti kutoka simu ya mwanamke mmoja mshona mikeka. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya bibi yake, ambaye hasomi, aliyekuwa amesomewa swali. Niliisikia nikiwa na kipande cha kola mkononi, nikakiweka chini.

"Nani kawaambia hiyo ni kata ya diwani?" alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka lakini haitetemeki. "Hiyo kata ya kichwa! Ya kuwekea mzigo. Na mkunga ni mimi hapa, mimi ndiye mkunga. Nilisokota mwenyewe, kwa vitambaa vya watoto niliowazalisha. Kila nyumba walinipa kipande. Nikiitwa naweka kata, juu yake naweka beseni na vyombo vyangu, naenda. Miguu tu. Siku nilipoacha kazi nikampelekea yule kijana wa zahanati ya zamani. Akanipa mkono. Akaniambia nikija nitaikuta. Usiguse, upo? Kitambaa cha buluu chenye mistari, hapo penye fundo, ni cha kwenu. Mama yako alikipasua kwenye shuka. Ulitoka umetanguliza miguu, ukanisumbua mpaka alfajiri."

Bibi aliishia hapo. Mjukuu wake akasikika anasema, "Bibi, achia kidole."



Nilivuka barabara nikamfuata kule makumbusho. Madirisha yalikuwa wazi. Alikuwa ukumbini, miwani usoni, ile kata iko mkononi mwake bila kitambaa cheupe, bila glavu, na kidole chake kiko juu ya ile mistari ya buluu. Nilisimama mlangoni, kwa kuwa karatasi ya fundi inakataza wageni.

"Shemeji," nikamwambia, "umegusa."

"Nimegusa," akasema. Akapangusa miwani. "Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kata ya mkunga. Kisha nikaenda kuitafuta kwenye ramani."

Afisa alipopigiwa simu alicheka kicheko cha mtu aliyekamatwa. Ile orodha aliichapa yeye miaka minane nyuma, akiwa mgeni kazini, akinakili kutoka kwenye daftari. "Kwetu hiyo tunaiita ngata, Mzee," alisema. "Kata nilijua moja tu, yenye diwani. Nikaona umesahau herufi kubwa, nikakusahihishia, nikaipeleka safu ya mahali, na kitu chenyewe nikakiita duara la nguo." Aliomba radhi. Akasema atakuja Jumatatu na mafundi wa paa. Daftari jipya ataliona, lakini anataka azisikie zile sauti kama zilivyosemwa, maana nazo zitaingizwa kwenye kumbukumbu, ya bibi ikiwa ya kwanza. Namba kumi na tisa itabaki.

Nilidhani shemeji atafurahi apumzike. Lakini Jumamosi alikuja tena kwenye kile kiti cha wateja, uso umekunjamana. Simu yake ilikuwa inamwambia imejaa. Jirani muuza mboga alikuwepo, akasema mbona jambo dogo, yeye yake ikijaa anafuta sauti zote za kundi, za juzi kafuta.

Shemeji alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto wanaosogeza mkono kwenye kioo.

"Daftari lilikuwa moja," akasema taratibu. "Likalowa."

Akachukua simu. Alikuwa hajawahi kutuma sauti hata siku moja, yeye ni mtu wa kuandika. Akanipa nimbonyezee, nikaweka kidole, nikamwambia sema. Akakohoa, akajiweka sawa kitini kama yuko mbele ya wageni. Na aliyoyasema ni haya, sikuongeza wala sikupunguza:

"Ndugu zangu, ni mimi, Usiguse. Naomba sauti ya bibi msiifute. Kama simu imejaa, futeni picha zangu."