Roshani za Nekesa

Nilivuka bahari kwa ajili ya roshani. Dada yangu Nekesa, muuguzi Birmingham, Uingereza, anamjengea mama nyumba kwetu Kimilili, nami kaka mtu ndiye msimamizi. Ramani aliyotuma, iliyoigwa kasri moja la huko, ilikuwa na roshani nne za mawe, matao yamechongoka, nakshi mpaka basi. Mama aliitazama akauliza, "Baraza liko wapi?" Halikuwepo. Mama huyu humsalimia kila mpita njia kwa mkono, na mgeni humpa kiti nje kabla hajamwuliza shida yake. "Sasa niwasalimie watu kutoka juu kama kunguru?" Nilipompigia Nekesa simu kumweleza, alinitumia tiketi. "Njoo uone kwanza. Mshamba wewe!"

Birmingham, asubuhi. Baridi ilinipokea kabla ya Nekesa. Anakaa mtaa wa Nechells, ghorofani, mabohari mbele na nyuma. Kumbe roshani anayo: ya zege, upana wa kitanda, nguo za kazi zimeanikwa na sukuma wiki zimeota ndooni. Nikatoka kuangalia mtaa, na kwenye roshani ya jirani mama mmoja Mkongomani, Mama Furaha, akanyoosha shingo. "Karibu, papa! Ulifika bien?" Akanipitishia bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, juu ya vyuma. Nililimaliza nikiwa nimesimama, tukiulizana habari za nyumbani.

Jumamosi tulipanda basi kwenda kwenye kasri lenyewe, ng'ambo ya Great Barr. Nekesa alikuwa ametoka shift ya usiku, macho mekundu, lakini ukimwambia apumzike anakufokea.

Tulipofika, niliinua kichwa nikatazama. Kasri la Kigothi, matao yaleyale yaliyochongoka, la tajiri fulani wa zamani. Kila roshani imebebwa na vichwa vya mawe vyenye ndevu, vimekunja uso kama watu wa harambee waliosikia mchango umeongezwa. Ukingo umetobolewa maua ya majani matatu matatu, na pembeni mnyama wa jiwe ameachama kutema maji ya mvua. Kazi safi, sikatai. Ila wenyeji walikuwa njiwa tu, na walikuwa wameacha alama zao kila mahali.

"Unaona?" Nekesa akaninong'oneza. "Kwenye roshani kama ile ndipo mama atakunywa chai."

Nikamwuliza mzee wa Kiingereza aliyekuwa akitembeza wageni: tunapandia wapi?

"Hampandi," akasema. "Nyuma ya roshani hakuna mlango, ni ukuta. Mwenyewe alitaka zitazamwe kutoka barabarani."

Weee! Nilicheka mpaka wageni wakageuka. "Nekesa, kumbe hata Wazungu hujengea majirani!"

Yeye hakucheka. Ndani ya basi, tukikaribia mjini, aliniambia: "Miaka yote hii nawaogesha wazee wa watu, Wafula. Nani kule nyumbani anaiona hiyo kazi? Nilitaka watu wakipita waseme, Nekesa alikwenda na akafanya kitu." Nikaona aibu kwa kicheko changu. Tuliposhuka akasema, "Mjengee mama baraza lake. Hizo roshani futa."

Kimilili tena. Nilimkuta mama kwenye kiwanja, ameketi juu ya matofali, na majirani wawili kando yake. Nikamtangazia ushindi: roshani zimefutwa, baraza linakuja. Nilitarajia vigelegele. Mama akaomba ramani, akapitisha kidole chumba hadi chumba: chake, changu, cha wageni, jikoni, stoo.

"Na Nekesa analala wapi?"

Nikaichukua ramani, nikaigeuza, nikaitazama tena. Hakuna. Miezi yote tumegombana juu ya roshani, na chumba cha Nekesa anayeijenga hakuna aliyekikumbuka, hata yeye mwenyewe.

Hilo ndilo nililojifunza, na sikujifunzia Uingereza. Mama alinirudishia karatasi. "Mpigie. Mwambie hata hilo baraza lingoje. Aseme kwanza kitanda chake kinakaa wapi."