Sajini Aliyetetemeka kwenye Gwaride

Alhamisi nilienda kambini hapa Kasongo kuomba ruhusa kwaya yetu iwaimbie askari. Mbele yangu kulikuwa na sajini aliyetoka Salamabila kwa pikipiki pamoja na mke wake. Alikuja kukata rufaa. Mkubwa wake alimupa alama mbaya ya kazi, kwamba ni mulevi, anatetemeka kwenye gwaride. Alama hiyo ikibaki, cheo kinaenda.

"Hata sasa unatetemeka," komanda alisema. "Umekunywa nini asubuhi?"

"Maji ya maombi, komanda."

Sisi wa kwenye benchi tulicheka, Mungu atusamehe. Mke wake akakaza kitenge, akasogea mpaka mezani.

"Papa, pombe haijui. Tulifikiri ni pepo, nikamufungisha kula kwa maombi, akazidi kutetemeka. Juzi tu daktari wa hapa alituambia iko ugonjwa wa wasiwasi: moyo unakimbia na adui hayuko. Umuulize mwenyewe."

Komanda alimupigia daktari simu mbele yetu. Alisikiliza sana, kisha akavua bereti.

"Alama hii tutaiandika upya. Sajini, dawa unameza?"

"Bado, komanda. Mama huyu alisema tumalize kwanza kufunga."

Mama akainamisha kichwa. Komanda akaagiza sahani yake ya bugali na sombe, majani ya muhogo, akaisukuma mbele ya sajini. "Kula. Hii ni amri."

Namushukuru Mungu kwa mkubwa anayekubali kuuliza mara ya pili. Kwaya yetu bado inaombea wagonjwa, ila sasa tunawauliza kwanza kama wamekula.