Hoteli ya Kutazama Bahari

Hadi leo mtu akiniambia amepata hoteli yenye mandhari ya bahari, damu inanichemka. Mandhari! Bahari si picha ya kalenda. Nilikaa kwenye kaunta ya mapokezi Malindi miaka kumi na mmoja, katika hoteli iliyojaa Waitalia, na naweza kukuambia bila kufungua kompyuta ni hoteli ipi ya kutazama bahari na ni ipi ya kuingia baharini. Hizo ni hoteli mbili tofauti kabisa. Ya kwanza hujengwa juu, ina kuta nyeupe na maua ya zambarau, na wageni wake ni watu waliooana juzi au watu wanaotaka kuonekana. Ya pili iko chini mchangani, mara nyingi ina sura mbaya na taulo zilizochakaa, lakini mtoto na mzee wanatoka mlangoni na viatu mkononi. Katikati kuna za kila namna, za walafi, za wanaotibu mgongo kwa maji ya moto, za wasiotaka kusikia mtoto wa mtu akilia. Swali la kwanza ni lile lile. Anayekwenda anataka kuiona bahari au kuigusa?

Swali hilo nililijua na sikuliuliza. Kwa hiyo hasira hii ninayoisimulia, nyingine nawaonea watu, na nyingine, tena kubwa, najionea mwenyewe.

Siku hizi ninaishi Minto, pembeni mwa Sydney huku Australia, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Asubuhi nne kwa wiki nilikuwa nikiendesha gari hadi Smithfield kwa bibi mmoja Mtaliano, mjane, aliyeishi karibu na viwanda ambako yeye na marehemu mumewe walifanya kazi maisha yao yote. Ofisi yetu ilinipangia yeye kwa sababu ya Kiitaliano changu cha Malindi. Kiingereza kilikuwa kimeanza kumtoka kichwani, na watoto wake hawakuwa na Kiitaliano cha kumuuliza zaidi ya kama amekula. Nilimwita Signora, kama nilivyozoea kuwaita wageni, naye aliniita binti yangu.

Aliniambia haja yake siku moja nikimwogesha. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki cha bafuni, maji ya bomba yakimshuka miguuni, akayatazama, akasema, "Mara ya mwisho kuingia bahari ya kwetu nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kesho yake tukapanda meli kuja huku." Kisha akaweka kiganja juu ya goti. "Nataka yafike hapa tu. Nikiwa nimesimama."

Nikamwambia, Signora, mbona bahari iko hapa hapa Sydney, Jumamosi moja mwanao akupeleke. Akanitazama kama nimemtukana. Hii ya hapa inapiga watu makofi, alisema. Ya kwao inakaa kimya na kukungoja.

Huyu mama alikuwa bado anatembea, kwa kile kigari cha kushikilia chenye magurudumu, kutoka chumbani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kwenye mti wake wa tini nyuma ya nyumba. Daktari alikuwa amekwisha kuwaambia watoto, nikiwepo, kwamba miguu hiyo haina mwaka mwingine ndani yake. Kwa hiyo safari ilikuwa ni mwaka huo au basi tena. Sote tulijua.

Mwana wa kiume ndiye aliyesema atampeleka Italia, kwa gharama yake. Sitamnyima haki yake. Alimpenda mamake, alimnunulia heater mpya kila baridi, na kila Jumapili alikuja na mkewe na keki. Lakini ni mtu ambaye akishika jambo, jambo hilo linakuwa lake. Jumapili moja nikiwa zamu walikaa mezani, yeye na dada yake, kila mmoja na kompyuta yake, wakichagua hoteli. Mama mwenyewe alikuwa mwisho wa meza akimenya maharage. Hakuna aliyemgeuzia hata kioo cha kompyuta aone.

Kaka alitaka kule kusini kwenye majabali, hoteli iliyoning'inia juu ya maji, yenye mabaraza na ndimu, kwa sababu yeye na mkewe walikuwa wanatimiza miaka thelathini ya ndoa. Dada alitaka upande wa pili wa nchi, kule kwenye mchanga mrefu wenye miavuli iliyopangwa mistari mistari, hoteli ya familia, chakula cha mchana na cha jioni ndani, watu wa kuwachezesha wajukuu zake. Walivutana saa nzima. Kaka anasema hoteli ya dada ni kama kambi ya shule. Dada anasema hoteli ya kaka ni ya kupigia picha. Na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyesema neno miguu.

Nilimwinamia Signora nikamuuliza kwa Kiitaliano, yeye anataka ipi. Akaendelea kumenya. "Yeye ndiye anayelipa," alisema. "Nimwambie nini?"

Ndipo yule mwana akanigeukia. "Wewe ulifanya kazi hotelini, na Waitalia. Tuamulie. Which one?"

Akaisukuma kompyuta yake mbele yangu. Nikaona majabali, nikaona mabaraza, nikaona bahari iko chini kule kama sahani. Nilihitaji sekunde mbili tu. Kila mtu wa kaunta anajua hoteli iliyokaa vile inafika majini kwa ngazi. Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu anayemvisha mama yule nguo asubuhi. Ilikuwa ile sauti ya Malindi.

Lazima niieleze sauti hiyo. Siku yangu ya kwanza kazini meneja alinisimamisha nyuma ya kaunta akaniambia kwamba mgeni hakosei. Akikuonyesha chumba alichochagua, chumba hicho ndicho kizuri. Akikuonyesha picha ya kilichomuudhi, unasikitika naye. Neno hapana liache nyumbani na kanga yako. Nilifanya hivyo miaka kumi na mmoja mpaka likaingia mwilini. Nimewasifia watu vyumba vinavyovuja. Nimemwambia mzee mwenye gongo kwamba orofa ya tatu ina upepo mzuri. Na walitabasamu wote, na siku ya kuondoka waliniachia bahasha.

"Chaguo zuri sana," nikamwambia yule mwana. "Very beautiful."

Basi. Dada akafunga kompyuta yake kwa kishindo. Kaka akacheka, akanipiga begani, akasema unaona, mtaalamu amesema. Na nitakwambia kitu ambacho bado kinanitia aibu. Nilifurahi. Miaka mingapi nimeingia nyumba za watu katika nchi hii, nabadilisha mashuka, napima dawa, na hakuna anayeniuliza nilikuwa nani kabla. Siku hiyo niliulizwa, na mbele ya watu. Niliendesha gari kurudi Minto nikiimba.

Jioni nikiwa jikoni kwangu nikaanza kusumbuka. Nikaitafuta ile hoteli mtandaoni na kusoma maneno ya wageni, yale ya Kiitaliano ambayo yule mwana asingeyaweza. Ngazi mia mbili na themanini. Lifti inaishia kwenye baraza la kifungua kinywa. Kuna mashua ya hoteli, lakini unaipandia chini, kwenye mwisho wa ngazi hizo hizo. Mgeni mmoja aliandika kwamba mkwe wake alishuka mara moja na hakushuka tena.

Nikatafuta nyingine. Haikunichukua muda, maana nilijua ninachotafuta. Hoteli ndogo ya familia, kusini kabisa, sura yake kama zahanati, vyumba vya chini, na njia ya mbao iliyolazwa juu ya mchanga kutoka mlangoni hadi maji yanapoanza. Maji ya magotini yako hatua arobaini tu. Wazee walikuwa wameandika sifa zake kwa herufi kubwa. Nikaandika jina lake nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, nikaitia mkobani ili niwape.

Rafiki yangu wa Campbelltown, muuguzi, mtoto wa Nairobi, alinikemea kwenye simu. "Wee, hiyo story achana nayo. Kwa roster yako wameandika travel agent? Family ikichagua, imechagua. Ukiongea, huyo jamaa atapiga simu office, na next week uko bila shift."

"Lakini mama hatafika majini."

"Sasa si ungesema hivyo Sunday, ukiwa hapo? Walikuuliza, ama hawakukuuliza?"

Hapo alinimaliza. Wiki tatu bahasha ilikaa mkobani. Mwana alikuja mara mbili nikiwepo, na mara zote mbili niliigusa kwa vidole na kuiacha. Ningeanzaje? Ningesema niliisifu hoteli yako bila kuiamini? Signora akaniuliza nikimsuka nywele, "Binti yangu, umeiona hoteli. Kutoka mlangoni hadi majini, ni tambarare?" Nikamwambia ni hoteli nzuri sana, Signora, utaipenda. Akanishika mkono. Alikuwa amekwisha kumtuma binti yake amnunulie viatu vya mpira vya kuingilia majini, vya rangi ya samawati, namba thelathini na saba.

Walisafiri Juni. Siku ya nne yule mwana akaweka picha kwenye mtandao. Mama yake ameketi barazani, blanketi magotini, nyuzi za chuma za ukingo mbele ya uso wake, na bahari iko chini, mbali, haina hata sauti pale. Akaandika kwamba ndoto ya Mama imetimia. Nikasema kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, ndoto ya mama yako, wewe? Ya nani? Nilimtukana kwa Kiswahili matusi ambayo sikujua kwamba bado ninayo. Halafu nikabonyeza kale kamoyo kekundu chini ya picha, kama wengine wote. Ndiyo. Nilibonyeza.

Walirudi Julai, na asubuhi ya kwanza nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu. Siku kumi za kuketi ziliimaliza miguu iliyokuwa imebaki. Kigari chake cha kutembelea kilikuwa kimekunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango. Vile viatu vya samawati vilikuwa juu ya sanduku, karatasi za dukani bado zimo ndani.

Nilipiga magoti kumvisha soksi zile za kubana, zinazozuia miguu isivimbe. Akanisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akisafisha vyumba, mgeni katika nchi ile, Kiitaliano chake kibovu kuliko changu. Alimwona Signora kila siku barazani akitazama chini. Siku ya nane akaja na chupa mbili kubwa za plastiki, amezijaza kule chini na kuzipandisha ngazi zote kwa mikono. Akasuuza beseni la kupigia deki, akamwaga maji ndani, akamvua viatu, akaitia miguu yake ndani.

"Yalifika hapa," akasema, akionyesha kifundo. "Yalikuwa yamepata joto njiani."

Nilikuwa nimeshika soksi mikononi na sikuweza kuinua kichwa. Yule mwanamke hakuwa na kaunta. Hakuna aliyemuuliza anaonaje. Na alipanda ngazi mia mbili na themanini, na mimi nilishindwa kutoa bahasha kwenye mkoba. Nilimchukia mwana, nilimchukia meneja wangu wa zamani, nilimchukia hata huyo mwanamke kwa dakika moja, kwa sababu alinionyesha mimi ni mtu wa namna gani.

Signora akaniuliza, "Ulikuwa unajua habari ya ngazi?"

Ile sauti ilikuwa tayari kinywani, tamu, imepanga maneno yake. Nikaimeza.

"Nilijua, Signora. Tangu ile Jumapili. Na kulikuwa na hoteli nyingine, njia yake ni tambarare. Niliandika jina lake, nikalificha."

Heater ilikuwa ikinguruma. Kisha akauvuta mguu wake kutoka mikononi mwangu, akainama, akachukua soksi, akaanza kuivaa mwenyewe. Soksi zile ni ngumu hata kwa mtu mzima mwenye afya. Vidole vyake viliteleza, akaanza upya, ikakwama kisiginoni, akaanza upya tena. Nilibaki nimepiga magoti pale zulia likiniumiza, na sikumsaidia kwa sababu hakuniomba.

Ilipofika gotini aliilainisha kwa kiganja, akainua uso. Hakuniita binti yangu. Aliniambia asante, hivi hivi, vile mgeni anavyomwambia mtu wa kaunta akishapewa ufunguo.