Tulipoliosha Gari la Harusi Baharini

Oili ya difu ina harufu yake, wenzangu. Inanuka yai viza na mpira uliochomwa, na ikikuingia kwenye nguo utafua mpaka ukome. Mwezi uliopita ilinipiga puani kwenye gereji moja pale Bagamoyo. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Kutulia sijajaliwa tangu utotoni, na huko kutotulia ndiko kulikozaa kisa hiki.

Baba alikuwa na gari kuukuu la kuvuta kwa miguu yote minne, yaani magurudumu ya mbele na ya nyuma, alilobebea mananasi kutoka mashamba ya Makurunge. Difu lake la nyuma, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu, lilikuwa limelika meno na lililia njia nzima. Nilikuwa na miaka tisa. Dada yangu Mwanaidi alikuwa ameshafungishwa ndoa, na Jumapili tulitakiwa kumfikisha kwa gari hilo kwa mumewe Lugoba kabla ya alasiri. Bibi harusi akichelewa, wakwe watasema mpaka wajukuu wake wasikie.

Ijumaa mabomba hayakutoa maji. Baba alirudi kutoka shamba, gari limejaa vumbi, nikamng'ang'ania: twende tukalioshe baharini, kama madereva wengine wafanyavyo maji yakipwa.

"Liache lipoe kwanza, Mwajuma," alisema.

Nani wa kusubiri lipoe? Nilizunguka gari, nikapiga honi, nikatoa machozi ya uongo, mpaka akacheka na kuliingiza majini hadi ekseli zikazama. Tukalisugua kwa makumbi ya nazi. Likang'aa, nami nikajiona ndiye niliyemwoza dada.

Jumapili, hatujafika Msata, difu likaanza kusaga kama lina kokoto tumboni, kisha gari likagoma. Mama na shangazi wakashuka. Dada akalia ndani ya ushungi mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Niliogopa sana.

Baba akaingia uvunguni na kanzu yake nyeupe. Nikachungulia. Alifungua nati, oili ikatoka nyeupe, rangi ya chai ya maziwa. Alinitazama kidogo, kisha akaifukia upesi kwa mchanga.

"Uzee tu," aliwaambia wakubwa. "Meno yalikwisha zamani."

Alichomoa shafti zote za nyuma, vile vyuma vinavyozungusha magurudumu, akaingiza gia ya miguu ya mbele, na gari likajikokota kwa magurudumu ya mbele peke yake. Tulifika Lugoba magharibi inaadhiniwa. Mama mkwe alikuwa amenuna barazani, lakini alipoiona kanzu ya Baba ilivyolowa oili, aliinuka akatupokea. Akamkumbatia dada, vigelegele vikapigwa.

Miaka yote nimekisimulia kisa hicho kama kisa cha gari zee. Mpaka siku ile ya mwezi uliopita pale gereji, ndipo nilipomsikia fundi akimgombeza dereva mmoja: difu likiwa la moto ukalitumbukiza majini, linanywa maji, na oili inageuka nyeupe. Kumbe Baba alijua tangu pale uvunguni. Nilidhani anafukia uchafu, naye alikuwa ananisitiri mimi, mbele ya dada yangu aliyekuwa akilia.

Nikampigia simu papo hapo.

"Shikamoo, Baba. Kumbe mimi ndiye niliyeliua lile difu."



"Marahaba, mwanangu. Wewe ulikuwa mtoto. Usukani nilishika mimi."