Nilihukumu Riwaya ya Mwalimu Wanja Bila Kuisoma

Wacha niseme tu, maana imenikaa kooni. Mimi ni mwongo wa vitabu.

Sisi walimu saba hapa Nkubu tulikuwa na kikundi cha kusoma riwaya. Kitabu kimoja, wasomaji saba, kwa hivyo mmoja alitangulia kusoma na kutoa maoni. Akisema hakifai, hakuna mwingine anakigusa. Huyo mmoja alikuwa mimi. Nilijiona kweli!

Riwaya ya mapenzi nilisema imejaa machozi mpaka kurasa zimelowa. Ya upelelezi, eti hata mtoto angemjua muuaji. Ya siasa niliita hotuba ya baraza la chifu. Wenzangu walicheka mpaka chai ikamwagika. Hawakujua nilikuwa nasoma jalada la nyuma na kurasa chache, basi.

Kisha mwenzetu Mwalimu Wanja, mama mpole kutoka Kiambere, akaniletea daftari nne. Alikuwa ameandika riwaya kwa mkono, juu ya watu waliohamishwa maji ya bwawa yalipokuja.

"Mwalimu, niambie ukweli," akasema. "Usinionee huruma."

Nilikaa nazo wiki tatu. Nikasoma kurasa mbili! Mbele ya wote nikamwambia, "Wanja, hii ni barua ya malalamiko. Nani atasoma habari za mbuzi wa kwenu Mbeere?" Wakaangua kicheko. Yeye akachukua daftari zake, akasema asante.

Mwezi uliofuata nilinunua njugu kule Majengo, Meru. Zilikuwa zimefungwa kwa karatasi ya daftari. Mwandiko wa Wanja! Kumbe alikuwa ametupa daftari zake pamoja na zile kuukuu za wanafunzi, zikaishia kwa muuza njugu. Kwa ukurasa ule, bibi mmoja anafagia boma lake na maji yameshafika kwa zizi, kwa sababu hataki yakute uchafu. Woi! Nililia hapo hapo, watu wakiniangalia. Nikamwuliza muuzaji karatasi zingine ziko wapi. Zimeisha, akasema.

Nikamwendea Wanja, nikamwambia sijawahi kusoma ukurasa mzuri kama huo.

"Na zile zingine ulizisoma?" akaniuliza.

Aibu gani hiyo!

"Basi," akasema. "Hata mimi siwezi kuiandika tena." Akaingia darasani.

Ndugu yangu, ukipewa kazi ya mtu, isome! Kama huna nafasi, mrudishie na umwambie huna nafasi. Mimi nimebaki na ukurasa mmoja, na mpaka leo sijui yule bibi alihamia wapi.